Muhuri Aliousahau Dereva

Jirani yetu wa Osukuru, upande wa Uganda, tulimwita Dereva, na hadi leo akiitwa kanisani kwa jina lake la ubatizo huchukua muda kugeuka. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulitoka wapi, waulizeni wazee wake. Mimi ninachokijua ni alivyokuwa akiondoka na alivyokuwa akirudi, maana mambo hayo mawili ndiyo yaliyojaza maisha yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliendesha malori marefu yenye tela, kutoka Mombasa hadi Busia na kuendelea mbele: Kigali, Juba, Lubumbashi, Lusaka. Sisi watoto wa jirani tuliijua Afrika kwa vitu alivyoleta. Kulikuwa na samaki wakavu wa maziwa tusiyoyajua, na sabuni za miche zenye harufu ngeni. Mara moja alileta kobe mzima, ambaye mke wake alikataa katakata asiingizwe ndani.

Naandika habari zake kwa sababu nimechelewa kumshukuru, na kwa sababu safari yake kubwa ya uzeeni tulikaribia kuiharibu, yeye na mimi pamoja. Ilikuwa safari ya kwenda harusi ya binti yake huko Uholanzi. Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee, na kwa miaka tisa hakuwa akizungumza na baba yake zaidi ya salamu za Krismasi. Nitafika huko. Kwanza mmfahamu mtu mwenyewe.

Dereva alikuwa na shati la mpaka. Lilikuwa shati jeupe la mikono mirefu, lililokunjwa ndani ya gazeti na kuwekwa nyuma ya kiti, na hakulivaa kanisani wala kwenye matanga. Kilomita moja kabla ya mpaka wowote aliliegesha lori kando, akajimwagia maji ya dumu, akanyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha gari, kisha akalivaa. Madereva wenzake walimcheka. Walimwita Bwana Harusi. Yeye aliwajibu kwamba ofisa akimwona dereva mchafu anafikiri hata mzigo ni mchafu, na kweli nilishuhudia mwenyewe maofisa wakimwambia "karibu mzee" huku wenzake wakiambiwa wafungue tela. Pasipoti aliiweka ndani ya mfuko wa mkate, mfuko ndani ya kopo la biskuti, na kopo chini ya mguu wake wa kushoto, mguu usio na kazi nyingi barabarani. Aliikagua kila mji. "Karatasi kwanza, chai baadaye," alikuwa akisema, na kwa kweli sijawahi kumwona akinywa chai kabla ya karatasi zake kugongwa muhuri.

Sasa mtu huyo huyo, akiwa nyumbani, alikuwa akivuka Busia kwenda upande wa Kenya kula nyama ya nguruwe bila hata kitambulisho mfukoni. Alivuka na kandambili. Alivuka kupeleka redio kwa fundi, kununua chumvi, kumsalimu shemeji yake aliyeoa upande ule. Nilimuuliza siku moja mbona hapo hagongewi muhuri. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hapa? Hapa ni soko, binti. Mimi nakwenda sokoni na pasipoti?"

Watu wa kwetu wote tuko hivyo. Ng'ambo ya Busia kwetu ni upande wa pili wa mtaa. Mtu ana shamba huku na dada yake kaolewa kule, na akina mama wa baiskeli za magurudumu matatu wanapitisha magunia huku na huko tangu asubuhi. Ukimwambia mtu wa Busia kwamba amekwenda nchi za nje kwa sababu amefuata mafuta ya kupikia, atadhani unamtania.

Alikuwa mwongo wa jambo moja tu, na hilo ni umbali. Ukimuuliza bado kiasi gani, jibu lilikuwa "tumekaribia," hata kama kilikuwa kimebaki kipande cha siku mbili. Alimjibu mke wake hivyo kwenye simu, akawajibu wenye mizigo hivyo, akanijibu mimi hivyo tukiwa katikati ya Tanzania na sijaoga tangu juzi. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Baadaye nilielewa kwamba kwake mtu aliye njiani amekaribia, na aliye mbali ni yule ambaye hajatoka nyumbani. Lakini kwa anayengoja nyumbani hesabu haiendi hivyo, na hapo ndipo yalipoanzia matatizo yake.

Mimi nilisafiri naye nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea kazi ya maabara Lusaka, na baba yangu hakuwa na uwezo wa kunipandisha ndege. Dereva alikuwa amepata mzigo wa kwenda huko huko. Alikuja kwetu na mke wake, wakaketi, wakala ugali wa wimbi, na mke wake ndiye aliyesema, "Huyu mzee wangu nakwendesha pole pole. Mtoto yenu atafika." Baba akakubali. Tulichukua siku tisa, na tatu kati ya hizo tulikaa foleni kwenye mpaka wa Zambia bila kusogea hata urefu wa gari moja.

Yote ninayoyajua kuhusu safari ndefu niliyajifunza katika siku zile tisa. Alinifundisha kuvua viatu kila jioni na kuinua miguu ukutani. Alinifundisha kutokula kitu kigeni siku ya kufika mpakani, kwa sababu foleni haina choo. Alipika mwenyewe maharage kwa jiko dogo la makaa chini ya tela, na chumvi alitoka nayo Tororo kwa kuwa hakuiamini chumvi ya mtu mwingine. Alijua kusalimu kwa lugha kumi na moja, Kiteso na Kisamia na Kibemba na nyingine nisizozikumbuka, ila ukiacha zile za kwetu, katika kila lugha alijua mambo matatu tu: hujambo, maji yako wapi, na barabara ya mbele ikoje. Baada ya hayo alitabasamu, na watu waliendelea kuzungumza naye nusu saa nzima bila kugundua kwamba haelewi.

Na alinifundisha kufurahi. Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu wengi wakizungumza habari za madereva wa masafa marefu wanataja usingizi, ajali na mizani ya kupimia malori. Yapo yote. Lakini asubuhi moja kabla ya Iringa tulifika mahali ambapo mbuyu ulifuatana na mbuyu kando ya mto, jua likiwa chini bado, na Dereva akapunguza mwendo, akasimamisha lori lote lile na mzigo wake, akazima injini. Akaniambia, "Angalia." Tukaangalia. Baada ya dakika kumi akasema, "Hii sijaiona." Nikamkumbusha kwamba ameniambia amepita barabara hiyo zaidi ya mara arobaini. "Ndiyo," akasema, "lakini hii ya leo sijaiona." Nilikuwa nimelia siku mbili mfululizo kwa hamu ya nyumbani. Kuanzia hapo sikulia tena, nikaanza kuangalia.

Tangu siku ya kwanza aliniita Daktari, kabla sijasoma hata ukurasa mmoja. Kwenye kila mpaka aliwaambia maofisa, "Mimi nabeba daktari," na niliona aibu sana, kwa sababu nilikuwa sina hakika hata kama nitafaulu. Sikuwa daktari na sikuja kuwa daktari. Mimi ni mpimaji wa maabara Tororo, na kazi hiyo imenilisha, imenijengea nyumba na kuninunulia kigari. Lakini miaka ile mitatu ya Lusaka, kila nilipotaka kuacha, nilifikiria kwamba kuna mtu anazunguka Afrika nzima akiwaambia watu mimi ni daktari, nikarudi kwenye vitabu.

Sasa lile la kuuma. Mke wake aliugua siku chache tu, akafa, wakati Dereva akiwa amekwama kwenye mpaka mmoja wa kaskazini na mzigo wa dawa na vyakula. Foleni ilikuwa haijasogea kwa wiki mbili. Tulimpigia simu. Angeweza kulikabidhi lori kwa mwenzake, akapanda basi, akafika mazishini siku ya pili. Wote tulimwambia hivyo. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alimwambia hivyo akilia. Yeye akajibu kwamba ameweka sahihi kwenye mzigo, mzigo ni wake hadi ufike, na kwamba foleni karibu itasogea. "Nimekaribia kutoka," alisema. Akasikiliza mazishi kwa simu niliyoishika mimi karibu na padre. Foleni ilisogea siku sita baadaye.

Aliporudi, binti yake alimwambia mbele yetu sote, "Baba, umemzika mama kwa simu." Mwaka uliofuata akapata nafasi ya kulea watoto wa watu huko Uholanzi, akaenda, akasoma huko, akabaki. Dereva hakumjibu wala hakujitetea kwetu. Alifanya kazi miaka minne zaidi, kisha akaacha, akaanza kulima karanga nyuma ya nyumba, kwa ufundi mdogo sana. Kuna watu Osukuru wanaosema alikuwa na moyo mgumu. Mimi nilimwona akifua lile shati jeupe kila mwezi, miaka yote hiyo, ingawa hakuwa na mpaka wa kuuvuka, na siwezi kukubaliana nao.

Basi mwaka huu binti akapiga simu. Anaolewa Jumamosi fulani, tiketi ameshalipa, viza atamsaidia baba yake aipate, na anataka aingie kanisani na baba yake. Halafu akaongeza maneno ambayo Dereva alinikariria mara nyingi bila kubadilisha hata moja: "Lakini baba, kama hii pia hutafika, basi usinipigie tena."

Tulidhani atafurahi, na alifurahi kwa siku tatu hivi. Halafu woga ukaingia. Dereva hakuwahi kupanda ndege, na ndege aliiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Aliuliza kama rubani amelala saa ngapi. Aliuliza nani anakagua matairi. Alianza kusema kwamba karanga zinahitaji kupaliliwa wiki hiyo hiyo. Ndege ilikuwa inaondokea Nairobi, kwa sababu huko binti alipata tiketi nafuu isiyobadilisha ndege njiani, na kwa bahati barabara hiyo aliijua vizuri kuliko ya Entebbe. Nikamwambia nitampeleka kwa kigari changu hadi mlangoni. Sikumpa nafasi ya kujibu.

Ndege ilikuwa Alhamisi usiku. Jumatano mchana alivuka kwenda kulala kwa shemeji yake upande wa Kenya ili tuondoke mapema. Alivuka kwa miguu, na begi lake likabebwa na mama mmoja wa baiskeli ya magurudumu matatu. Mimi nilifanya safari yangu ya kawaida: nikapitisha gari na karatasi zangu Alhamisi alfajiri, nikamchukua kwa shemeji, tukaondoka. Hakuna kati yetu aliyefikiria chochote. Yeye alikaa kiti cha abiria akikanyaga breki isiyokuwepo, akilalamika kwamba nabadilisha gia kama napepeta mchele.

Kisumu tulisimama kununua maji. Kama kawaida yake alitoa kopo la biskuti ili akague pasipoti. Nilirudi na chupa nikamkuta kaishika imefunguka.

"Daktari," akasema, "mimi sina muhuri."

Sikuelewa. Akanionyesha. Pasipoti ilikuwa mpya: viza ilikuwepo, kurasa nyingine nyeupe. Hakuna alama ya kutoka Uganda, wala ya kuingia Kenya. Mtu ambaye kwa miaka thelathini hakunywa chai kabla ya muhuri alikuwa amevuka kwenda Ulaya vile vile anavyovuka kufuata nyama ya nguruwe.

Nilisema twende tu, tutaeleza uwanjani. Akatikisa kichwa. "Uwanjani wanauliza, mzee uliingia Kenya namna gani? Mimi nasema nini? Wananiweka pembeni, ndege nakwenda." Hapo alikuwa sahihi. Kisha akafunga kopo pole pole, akasema kwa sauti ya chini, "Labda ni Mungu anasema nirudi. Wewe nipeleke nyumbani. Nitampigia mtoto, nitasema makaratasi ilikataa."

Nikamtazama. Nakiri nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mzima. Niliona wazi kwamba amepata ahueni. Mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Makaratasi hayajakataa. Unaogopa ndege, na unamwogopa mtoto wako zaidi. Ukitaka kumwambia hivyo, mwambie. Lakini usimwambie habari za makaratasi, kwa sababu karatasi unazijua kuliko mtu yeyote."

Muuza mayai alikuja dirishani akaondoka. Nilikuwa tayari kumwomba radhi, maana ni mtu wa rika la baba yangu na sijalelewa kusema hivyo. Akatoa simu yake, akampigia binti, na akaongea mbele yangu.

"Mimi niko Kisumu. Nimefanya kosa, nimesahau muhuri Busia. Sasa narudi Busia. Bado mbali sana, mama. Lakini nakuja." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo. Nakuja." Akakata simu, akaniambia nigeuze gari.

Tulirudi Busia kwa muda wa saa mbili na ushee. Njiani alivua sweta akavaa lile shati jeupe. Hakulitia begini kwa ajili ya Busia, alilileta kwa ajili ya harusi, lakini alilivaa. Kwenye jengo la mpakani, ofisa wa upande wa Kenya alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Dereva akamweleza yote bila kupunguza.

"Mzee, umekuwa ukipita hivyo tangu lini?"

"Toka mimi nazaliwa."

Ofisa akafunika mdomo kwa mkono, akacheka, na mwenzake wa dirisha la Uganda akacheka pia, kwa sababu na yeye ni mtu wa huku huku. "Sawa mzee," akasema yule binti. "Sasa fanya hivi. Vuka urudi kwenu. Halafu uje tena na foleni, kama mgeni. Nitakugongea."

Akaenda. Nilimwona kwa dirisha akitembea kuelekea Uganda na begi lake mkononi, akapotea kati ya malori, kisha akarudi, amenyooka, na pasipoti mbele yake. Watu waliomjua walimuuliza anakwenda wapi. "Uholanzi," akawajibu, na wakadhani anawatania. Mihuri miwili ikagongwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Sitasahau barabara ile. Alinisaidia kuiendesha kwa mdomo, shimo moja hadi lingine: huku kuna tuta, pale pita kulia, hapa pumzika, sasa kanyaga. Kericho kulikuwa na mvua, na akaniambia nifuate taa za lori la mbele kwa sababu dereva wake anajua kazi. Nakuru tulikula mahindi ya kuchoma bila kushuka. Binti alipiga mara tatu kuuliza tuko wapi, na mara zote tatu baba yake alimtajia mji wenyewe na kilomita zilizobaki. Tulifika uwanjani saa moja jioni.

Pale mlangoni nilimwambia nilichokuwa nimekiweka moyoni tangu Lusaka. Nilimwambia asante kwa zile siku tisa, kwa maharage, kwa kuniita Daktari wakati nilikuwa si kitu. Nililia kidogo. Yeye alikuwa akiangalia ubao wa ndege na hakuwa na nafasi ya maneno mengi.

"Ndiyo, nasikia," akasema, akanishika kichwa kama anavyofanya baba. "Sasa nenda ulale kabla ya kurudi. Usiendeshe na machozi." Akaingia.

Jumapili binti yake alinipigia. Nilisikia muziki nyuma, na sauti ya Dereva akisalimu mtu kwa Kiholanzi kibovu. Alisema baba amemwingiza kanisani, ametembea taratibu mno hadi mpiga kinanda akalazimika kurudia wimbo. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Dada, mama alipokufa tulimwambia arudi, akakataa kurudi. Juzi aliponiambia yuko Kisumu na anarudi Busia, nilikaa chini sakafuni nikalia. Sikuwahi kumsikia baba akigeuza gari kwa ajili ya mtu." Akapumua. "Asante kwa kumgeuza."

Nikamwambia ukweli, kwamba aliyesema tugeuze ni baba yake, na mimi nilishika usukani tu.